Hela Inayooza

Januari, theluji imefika madirishani Numadate,
nami nagonga milango na begi la halmashauri:
vocha ishirini kwa kila kaya, kila moja yeni elfu,
zina muhuri mwekundu, bado zanuka wino.
Televisheni imeshasema. Waziri aliinama mbele ya kamera,
akanyanyuka, akasema: uchumi ni watu, na watu wameogopa.
Nunueni. Nunueni chochote. Tunataka imani irudi.

Imani. Kana kwamba ni paka aliyetoroka
na sisi tumemwekea sahani ya maziwa mlangoni.

Bi Fusae alinifungulia kabla sijagonga mara ya pili.
Alizipokea kwa mikono miwili, akalamba kidole, akazihesabu,
kisha akaziweka kwenye madhabahu ndogo ya nyumbani,
kando ya picha ya marehemu na kibakuli cha wali.
"Akiba haiozi," akaniambia, uso umemkunjuka.
Nikakohoa. Nikamwonyesha maandishi madogo mgongoni:
mwisho wa kutumika, Julai thelathini na moja.
Na tena, mama, duka halirudishi chenji.
Akavaa miwani. Akasoma. Akaivua.
"Mwanangu Tokuji, hela gani hii inayooza?"

Jibu nilikuwa nalo. Tulifundishwa siku mbili, ukumbini,
kwa michoro: mshale watoka kwako waenda dukani,
watoka dukani waenda kiwandani, watoka kiwandani
warudi kwako umenenepa.
Lakini kiwanda cha vifungo, alikofanya kazi mwanawe,
kimefungwa tangu majani yapukutike;
geti lina kufuli, na kufuli lina barafu.
Mshale utapita wapi?
Nikanywa chai yake, nikanyamaza.

Machi alikwenda kwa Hirosuke, duka pekee lililo wazi
kati ya mabati kumi na mawili yaliyoshushwa.
Alitaka ufagio. Yeni mia nane na sabini.
Wakasimama wote wawili wakizitazama zile mia na thelathini
zisizoruhusiwa kurudi.
Hirosuke akaongeza kiberiti. Akaongeza dodoki.
Akaongeza mshumaa mmoja, "wa mzee," akasema,
na hapo wakacheka. Nilisikia mwenyewe,
nilikuwa nje nabandika bango la pili la wizara:
kicheko kifupi, kama mlango uliokwama kisha ukasukumwa.

Jioni Hirosuke aliipeleka vocha benki, deni likaimeza.
Nami, mtumishi wa serikali, nilinunua tofu kwa vocha yangu
na mshahara nikaupeleka posta, kimyakimya, wote,
kama mtu anayeficha chupa.
Hatukumdanganya mtu. Tuliogopa tu, kwa adabu.

Sasa ni Agosti, na wizara imeleta fomu.
Swali la saba: Je, imani ya wanunuzi imerudi? Jibu kwa asilimia.
Bi Fusae bado ana vocha nne kando ya picha,
zimeshaoza, na kila asubuhi anazipangusa vumbi.
"Hizi ni zake," anasema. "Huyu hakuwahi kuharakishwa na mtu."
Kisha anafagia kizingiti. Ufagio ni mzuri, nakiri.

Nimeshika kalamu. Kisanduku ni kidogo.
Naandika: mia na thelathini.
Nafuta. Naandika tena.