Hesabu ya Abaya

Mwaka mmoja wa chuo kile cha Uturuki
ni abaya mia tatu na arubaini.
Nimehesabu mara mbili, kwa chaki, juu ya meza ya kukatia,
kisha nikafuta kwa kiwiko kabla Bi Thuraiya hajafungua duka lake.

Wengine huhesabu kwa riali.
Mimi riali sijapata kuiona ikakaa.
Abaya moja ni mbili na nusu mkononi mwangu,
ikiwa na shanga za mikono, tatu.
Cha India ni abaya mia mbili,
lakini nauli, lakini bima, lakini mihuri ya vyeti,
lakini mwaka wa matayarisho, wa kujifunza lugha,
walioupachika ukurasa wa tisa kwa herufi za sisimizi.
Rahisi huvunja upishi, Maulida.
Mama yako hajui kompyuta,
ila kitambaa cha bei ya kutupa
hukigeuza kwanza, akatazama upande wa ndani.

Jana ukaniandikia, saa tano za usiku huko Wete,
saa sita huku Ruwi:
"Na hapo ulipo, mama? Kuna chuo mjini humo,
wageni wanapokelewa, ada hulipwa kwa mafungu matatu,
tena sihitaji bweni.
Nitalala kwako."

Nitalala kwako.
Maneno mawili, na sindano ikanichoma.

Kwangu ni juu ya duka la dawa, ghorofa ya tatu,
chumba cha wanne:
Tigist anayefagia hospitali,
Shanthi anayelea mapacha wa watu,
Bi Shuwena wa Chake anayekoroma na kuapa hakoromi.
Kiyoyozi chatona ndani ya ndoo ya rangi,
ndoo ina zamu, zamu imeandikwa ukutani.

Nyumbani wanajua nina duka.
Sikusema uwongo mzima. Nilisema "dukani kwetu,"
watu wakashona yaliyobaki,
nami sikufumua.
Picha niliyotuma ni ya kioo cha mbele,
nimesimama kando ya sanamu iliyovaa kazi yangu.
Miaka sita naishi ndani ya picha ile.

Basi hii ndiyo ada isiyomo katika karatasi zao.
Uturuki ningelipa abaya mia tatu na arubaini
na duka langu likabaki.
Hapa nitalipa mia na ishirini,
na duka.

Ijumaa nikawaambia wenzangu.
Tigist akasema, "Aje, tutasogea."
Shanthi hakusema kitu; aliinuka akahamisha sanduku lake.
Bi Shuwena akasema msomi atakuja kutucheka,
halafu akauliza
chai unapenda ya tangawizi au ya iliki.

Nikapiga magoti na futi yangu ya shingoni,
kutoka ukutani hadi mguu wa kitanda:
inchi sabini na mbili kwa thelathini.
Mara ya mwisho nilipokukatia sare
ulikuwa na inchi hamsini na moja.
Sasa sijui.

Nikawasha taa zote mbili, nikapiga picha:
ndoo, zamu ukutani, kamba ya nguo,
na kile kipande cha sakafu.
Sikuandika neno. Nikaiacha ikaenda.

Alama mbili zikageuka buluu.
Nikakaa na simu mapajani
kama mtu aliyekabidhi nguo ya harusi
na bwana harusi bado hajaiona.

Muda wa kupiga pindo moja.
Wa pili. Wa tatu, na mkono mzima wa shanga.

"Mama," ukaandika,
"hapo patakapokaa godoro,
pana soketi karibu?"