Tundu la Msumari

Kabla jogoo wa jirani hajasafisha koo
Veta huvunja barafu ya ndoo kwa kisigino cha buti.
Banda lina vyumba vinne: farasi watatu,
na chumba kimoja cha deni,
humo zimelala nyasi kavu ambazo bado hajazilipia.
Nje ya Botoshani, Januari haipigi hodi.
Hupenya ufa wa ubao, ikalala na wagonjwa.

Wa kwanza Boyer, dume kipofu, anayetaka aambiwe kila kitu:
"Nipo kushoto. Hiki ni kitana. Sasa nakupitishia mgongoni."
Asipoambiwa hupiga ukuta teke,
na ukuta wenyewe unasimama kwa misumari ya kukopa.
Kisha Nuku, kizee cha meno mawili,
mlaji wa uji wa viazisukari uliorowekwa usiku kucha,
ampulizaye povu usoni kila amlishaye
kama mtoto aliyefunzwa adabu na mbwa.

Wa mwisho ni Sura.
Kwa lugha ya huko, sura ni rangi ya majivu tu,
si uso, si mlango wa kitabu.
Lakini Oktoba, aliposhushwa kwenye lori,
uso ndio uliokuwa umebaki:
macho, na mifupa ya kuyashikilia.

Kwato ya mbele, ya kulia, ina usaha.
Maji moto, chumvi, dakika ishirini.
Veta amechuchumaa, paji lake kwenye goti la mnyama,
anahesabu kwa sauti asije akasinzia.
Halafu pumba, halafu kitambaa, halafu nepi ya mtoto
(ndiyo, nepi; hakuna kinachoikumbatia kwato kuliko nepi),
halafu utepe wa fundi bomba, mizunguko mitatu.

Kisha ukanda.
Alikuja nao, ndiyo mali yake yote:
ukanda wa tandiko la mkokoteni, matundu matano ya kiwandani
na la sita, lililotobolewa kwa msumari,
kingo zimechanika, ndani kabisa,
mahali ambapo kifua cha farasi hakipaswi kufika.
Kila Jumatatu Veta humzungushia.
Novemba: tundu la msumari.
Krismasi: la tano, ngozi ikilia kidogo.
Leo: la nne.
Hakushangilia. Aliandika ukutani kwa chaki, akafuta pua.

Saa nne, mtu langoni.
Hakuita. Kofia mkononi, theluji kwenye upara,
kiazisukari kimoja kimevimbisha mfuko wa koti.
Pamfil. Veta alimjua kabla hajajitaja.
Miezi mitatu alikuwa amemwekea maneno,
akiyanoa kila alipokamua usaha.

Mtu akapiga mluzi. Mfupi, wenye mkia.
Na Sura, ambaye Veta humwita akapewa kisogo,
akatoka, akachechemea thelujini, nepi na yote,
akatia pua kwapani mwa mtu yule.

Yale maneno yalibaki mdomoni,
makali, hayana pa kukata.

"Mke aliugua," Pamfil aliiambia shingo ya farasi.
"Nikamlisha mabua. Kisha mabua yakaisha."
Hakusema nisamehe.
Veta hakusema nimekusamehe.
Pumzi zao watatu zilifuka pamoja,
huwezi kujua ipi ya nani.

Ndipo akauona ukanda, umetundikwa msumarini.
Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye tundu lake,
kikaingia, kikakaa humo muda mrefu.

Veta alichukua reki ya samadi, akamsogezea mpini.
"Chumba cha Boyer. Mwambie kila unachofanya."

Akarudi kwenye ndoo zake.
Kutoka upande wa pili wa ubao
akasikia mwanamume mzima, sauti imekwama kooni,
akimweleza kipofu:
"Nipo kushoto. Hii ni reki.
Sasa nainama."