Nyundo Haiazimwi

Nilikwenda kwa sababu ya mvua, nisiwadanganye.
Shimo la mawe lilikuwa limejaa maji
na Ratemo, mtoto wa dada yangu,
amenivuta shati tangu asubuhi.
Mimi shilingi thelathini, yeye kumi,
tukakaa benchi la nyuma kwa Osiemo, hapa Tabaka,
mabati yakivuja upande wa mlango.

Mimi si mtu wa sinema.
Wakianza kupigana nalala, wakibusiana naamka.
Basi nisikilizeni kama mpita njia.

Kuna mfalme mzee, chongo, naye hulala sana.
Kuna daraja la upinde wa mvua, zuri,
tena limekwisha kujengwa,
si kama letu la mtoni
ambalo kila uchaguzi huletewa lori moja la kokoto.
Kuna kijana mwenye nywele kama ndevu za mahindi
na kifua kama mlango wa benki.
Huyo ndiye mungu wa radi, katoka nchi za barafu.
Ana kiburi. Baba anamtupa duniani.
Kuna na mdogo wake, wa kuokotwa, mwenye hila.
Ukumbi mzima ulimzomea.
Mimi nilinyamaza.
Nami ni wa pili kwetu, na shamba ni robo ekari;
namjua mtu anayetaka tu
kuitwa mezani wa kwanza, hata mara moja.

Sasa nyundo. Hapo nina neno.

Mpini ni mfupi mno.
Nimechonga mawe miaka kumi na tisa:
piga na mpini ule kutwa nzima,
jioni kiwiko kitakusimulia.
Aliyeichora hajawahi kupasua jiwe.
Ati hainyanyuliwi ila na anayestahili.
Yangu inanyanyuliwa na yeyote.
Ati ukiirusha inarudi mkononi yenyewe.
Yangu nilimwazima Getuba mwezi wa tatu,
mpini mpya wa mpera, bado unanukia,
hadi leo iko safarini.

Halafu radi.
Anainua mkono, mbingu inapasuka,
nyumba zinaanguka, yeye anacheka,
na watu wanapiga makofi.
Ratemo alisimama juu ya benchi.
Mimi mikono yangu niliikalia.
Aprili, kwa akina Nyaboke, juu ya mlima pale,
radi ilichukua ng'ombe wawili
na mvulana aliyekuwa akiwapeleka zizini.
Kamba ilibaki mkononi mwake.
Hapakuwa na muziki wowote.
Harufu tu, na mvua ya mawe
ikiendelea kugonga mabati
kana kwamba haijaambiwa.

Na kama kwa makusudi,
ngurumo ikapiga nje, ya kweli, stima ikapotea.
Kwanza tulicheka.
Kisha hakuna aliyecheka.
Gizani nilisikia watu wakihesabu kimoyomoyo,
kama tulivyofunzwa, umbali wa ile inayofuata.
Mkono mdogo ukanishika kidole.
Osiemo akawasha jenereta, mungu akarudi,
midomo ikitangulia maneno.
Mwisho wake siujui. Nilikuwa natazama mlango.

Mkiniuliza: si mbaya.
Shilingi thelathini haikuniuma.
Ila ningemwambia yule kijana, tukikutana,
radi si kitu cha kuchekea
ukiwa hukai nasi huku chini.

Kesho yake nilimchongea Ratemo nyundo
ya jiwe la waridi, mpini mrefu kidogo.
Akaiweka katikati ya sebule:
haya, nani anastahili?
Nikavuta, nikatoa macho, nikashindwa.
Dada yangu akavuta, akajifanya mgongo umeteguka.
Mtoto akacheka hadi akakaa chini.
Mama akaingia na kuni, hana habari ya sinema,
akaiokota kwa mkono mmoja,
akaegeshea mlango.
"Upepo umeanza," akasema.
"Anueni nguo."