Upindo

Wete, umeme umekatika tangu alasiri,
nashona kwa mguu, cherehani ya marehemu mama.
Shaame kaketi juu ya robota la kaniki,
asubiri suruali yake na kunitoa ushamba.
"Bi Raya, mwezini hawakwenda.
Sinema ile. Tazama bendera, yapepea,
na huko hakuna upepo."

Nionyeshe, nikasema.
Akanisogezea simu yenye kioo cha ufa.

Miaka thelathini na moja nashika nguo, mwanangu.
Bendera hii haipepei, ina makunyanzi.
Nguo iliyokunjwa safari nzima
hutoka na alama zake, kama kanzu ya Idi sandukuni.
Na hapa juu, ona, pana upindo,
na ndani ya upindo pana fimbo,
kama pazia la chumbani kwenu.
Walijua hakuna upepo, ndiyo maana wakaitia fimbo.
Mwongo angeleta feni.

"Mbona yatikisika?"

Mtu kashika mlingoti. Akiachia, yaendelea kuyumba,
yayumba, yayumba,
kwani hakuna hewa ya kuituliza.
Hapa nikitundika kanga, hewa huishika mkono ikatulia.
Hili hata mie nimelijua ukubwani.

"Na nyota? Mbingu nyeusi tititi, nyota hamna."

Mwulize Mbarouk mpiga picha, mlango wa tatu.
Usiku wa harusi ya Time kule Gando
alimpiga bwana harusi, kanzu nyeupe, chini ya taa kali,
na mbingu imejaa nyota kama ufuta juu ya mkate.
Ilete picha ile. Nihesabie hata moja.

Vivuli navyo, akasema, vimekwenda upande upande.
Basi kesho asubuhi kaangalie vivuli vya mikarafuu
kwenye mteremko wa Limbani.
Jua ni moja. Ardhi ndiyo haikunyooka.

Akanyamaza. Akakwaruza ufa wa simu kwa ukucha.
Kisha akasema kwa sauti ndogo,
na hili ndilo nililokuwa nalihofia:
"Hao wametudanganya mangapi?"

Mengi, Shaame. Sikukatalii hata moja.
Ndiyo maana sikuwauliza wao.
Nimemwuliza mshindani wao, Mrusi,
aliyetaka kufika mwanzo,
aliyetega masikio yake kwa kila mlio wa kule juu.
Ukiiba kuku, jirani mliyenuniana
ndiye wa kwanza kunusa mchuzi.
Yule alinusa, akasikia,
akawapa mkono wa pongezi huku roho yamuuma.

Na sisi je? Kila mwaka mwezi huandama
kwa kauli ya watu wawili,
mmoja wa Msuka, mmoja wala hatumjui ukoo wake.
Tunafunga. Tunafungua.
Tunagombana na nusu ya mji, lakini tunafungua.
Kule wamekanyaga kumi na wawili,
wakarudi na mawe, wataalamu wa kila taifa wakayapasua,
wakaacha vioo ambavyo hadi leo
ukivimulika kutoka huku, vyakurudishia mwanga wako.
Weye wataka nini tena, kadhi?

Akacheka, lakini si kicheko cha kukubali.

Umeme ukarudi. Feni ikaanza,
na kila kitambaa kilichotundikwa ukutani kikapepea
kweli kweli, kama kwamba kimetumwa kumtetea.
Tukatazamana. Hakuna aliyesema kitu.

Nikampa suruali. Akaiinua kwenye taa.
"Bi Raya, mguu wa kushoto, upindo umepinda."
Haukupinda.
"Umepinda."
Nikavua futi shingoni nikamtupia.
Pima.

Akapima. Akapima tena.
Nikavaa miwani nikapima mwenyewe.

Nusu inchi.

Nikachukua wembe, nikaanza kufumua.