Wali na Chawa

Mara ya kwanza nilimwambia mtahini
kwamba kwetu Tukuyu, Jumapili, mgeni akija,
tunampikia chawa.
Nilikusudia wali.
Ulimi ulikosea mlango, basi. Kwa Kiingereza chao
wali na chawa wanakaa ua mmoja,
wametenganishwa na herufi ambayo kinywa changu
hakijawahi kuihesabu.
Hakucheka. Aliandika kitu.

Sasa ni Machi, mvua haina adabu,
na mdogo wangu Ambwene, kidato cha pili,
ndiye mtahini.
Amevaa koti la marehemu baba, mikono imemeza vidole,
simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Eleza, anasema, kuhusu mtu aliyekufundisha kusikiliza.
Dakika moja kufikiri, mbili kusema.
Naanza. Nakwama.
"Dada, umenyamaza sekunde kumi na tatu."
Anarudia kwa Kiingereza, nasikia thelathini.
Kumi na tatu na thelathini kwao ni mapacha,
mama yao tu ndiye anayewajua.

Kisha zamu ya kusikiliza.
Mwanamume fulani amepoteza begi kituo cha treni.
Anaongea kama anayemwaga maharage juu ya bati,
na juu ya bati letu mvua inamwaga ya kwake.
Begi lilikuwa la rangi gani?
La bluu, nabahatisha.
"Hakutaja rangi, Dada. Alitaja zipu. Nilikutega."

Mama anamenya ndizi za mbalaga, kisu hakisimami.
Anauliza: huyo bwana, begi lake kalipata?
Hatujui, mama, sauti inaishia pale.
"Ndaga," anaiambia simu.
Neno moja, nalo kwetu ni pole, ni asante, ni nimekusikia.
Natafuta mwenzake kwa Kiingereza, napata matatu,
yote yananibana mabegani.

Usiku niko zamu, wodi ya wazazi.
Umeme umekatika. Mvua ni ileile.
Binti wa Masoko, mimba ya kwanza, ananiuliza kwa macho.
Naweka pembe tumboni mwake, sikio juu ya pembe,
nabana pumzi.
Chini ya mvua,
chini ya utumbo unaonguruma,
chini ya moyo wake mwenyewe unaokimbia,
kuna kitu kidogo kinabisha hodi, haraka haraka:
mia moja thelathini na nane.
Thelathini.
Sikubahatisha.

Jumamosi napanda Mbeya, chumba cha juu ya duka la rangi, Mwanjelwa.
Ada imekula ndama mzima.
Ambwene kanipa agizo la mwisho: ukikosea usisimame, tembea.
Kwa hiyo alfajiri, nikinawa mikono mwisho wa zamu,
natembea na neno lilelile:
wali kwa Kiswahili, ili ulimi ujue unakokwenda,
halafu kwa Kiingereza, halafu wali tena, wali.

Nyuma yangu bibi wa yule mtoto
(kazaliwa saa kumi na robo, kilo tatu, sauti ya kutosha)
ameshika hotipoti kifuani.
Ananisikiliza kwa muda. Hana saa mkononi.
Anafungua kifuniko, mvuke unampanda usoni.
"Nesi," ananiambia, "si ungesema tu una njaa?"