Kuba Lisilo na Weusi

Usiku wa Julai, Lomelina, bonde la mto Po.
Umande unashukia mpunga wa Evasio Garlaschi
na kijimbegu cha kuvu, chepesi kuliko jivu la sigara,
kinatua juu ya jani, kinanata.

Hakina meno. Hakina kucha.
Kinajijengea kuba,
dogo hivi kwamba kichwa cha pini kingebeba maelfu,
na ndani ya kuba mafundi wanaingia zamu.

Mmoja wao ni kimeng'enya
ambacho Ombretta, binti wa Evasio,
amekifuata miaka sita huko Pavia
katika chumba chenye harufu ya agari na kahawa iliyolala.
Kazi yake? Hupokea haidrojeni kwa mkono huu,
humkabidhi jirani kwa mkono ule. Basi.
Karani wa stoo.
Hajui shamba, hajui njaa, hajui deni la trekta.
Lakini asipofika kazini, weusi hauji,

na weusi ndio ukuta.
Melanini hulipaka kuba kama lami ndani ya tangi:
kilichomo hakitoki, maji ya nje yanaingia,
yanaingia,
mpaka tairi la lori, mara kumi, lione haya.
Kisha, kutoka sakafuni mwa kuba, msumari.
Jani limetoboka.

Evasio hana maneno hayo.
Analijua doa la kijivu, ncha mbili, kama jicho.
Anaujua mwisho wa Agosti, suke linapovunjika shingo
likasimama wima, jeupe, na majivuno ya kitu kitupu,
huku lenye punje limeinama.
Brusone, husema, akatema mate. Mchomo.
Kwao mchele na kicheko ni neno moja.
Sisi wenye mpunga, mchele na wali
hatukujaliwa utani huo;
na mwaka ule, hata kwao, hakuna aliyecheka.

Ombretta alimnyang'anya kuvu karani wake.
Kuvu ikaota rangi ya waridi lililozeeka,
ikajenga makuba yake kama kawaida, angavu, mazuri,
na majani yakabaki mazima.
Alimpigia baba yake saa saba za usiku:
"Wamefika mlangoni, Baba. Hawawezi kuingia."

Kimya. Kikohozi. Mbwa akibweka upande wa pili wa simu.
"Na mvua ya mawe ikitangulia?"

Hakuwa amejiuliza.
Alichukua sindano, akakwaruza jani moja,
mkwaruzo mfupi, kama wa paka anayecheza,
akaweka tone lile lile.

Asiyeweza kutoboa anaweza kupita palipotobolewa.
Siku ya tano jicho lilikuwa limefumbuka
katikati ya mkwaruzo, likimtazama.

Hakumpigia simu.
Jumamosi alipanda treni ya Mortara, akamkuta kwenye tuta,
viatu vya mpira hadi magotini,
akigeuza majani, moja baada ya jingine,
kwa kidole gumba.
Usiku wa jana mawe yalikuwa yameanguka,
madogo tu, alisema. Kama mchele.