Pazia la Darasa la Tatu

Mwaka wa karatasi, mjini Ibra,
shangazi yangu Thuwaiba alipanga foleni
kwenye shule aliyosomea mwanawe,
akapita nyuma ya pazia la kijani
lililotundikwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Alikaa humo dakika nne.
Nje, mumewe alikuwa akizihesabu.

"Umempigia nani?" alimuuliza garini.
"Nimempigia niliyempigia."
Na katika nyumba ile, ambamo hata sanduku la dhahabu
lina funguo mbili,
hilo likawa lake peke yake.

Leo kura imo kiganjani.
Nimeitwa kutoka Maskati, mimi fundi wa mitambo,
nije nimwelekeze.
Kadi mgongoni mwa simu: tii, imesomeka.
"Shangazi, tazama hapa. Pepesa macho. Geuza shingo."
Simu ikamkataa.
Akavua miwani, ikamkataa,
wajukuu wakacheka hadi wakalala chini.
Mara ya tatu ikakubali kuwa yeye ni yeye.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza
namna kura inavyofungwa kwa tarakimu
asizoweza kuzifumbua mwizi wa ng'ambo.
Ni kweli, au karibu na kweli.
Na karatasi nayo ina wezi wake:
sanduku hupotelea njiani,
mhesabuji husinzia, saba ikawa moja.

Hakuniuliza habari za wezi.
Alitazama zulia:
mumewe kulia, anamenya chungwa;
Haitham kushoto, goti limegusa goti;
mkwe na birika la kahawa, hamimini;
na mimi, simu mkononi mwangu,
wagombea wametabasamu kiooni
wakubwa, wanaonekana mpaka mlangoni.

"Pazia liko wapi?"

Nikapekua mipangilio yote.
Lugha ipo. Ukubwa wa herufi upo.

Akaichukua simu, akajizoazoa,
akaingia nayo chooni, akatia komeo.
Tukasikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika bure,
yeye ambaye hutugombeza kwa tone.

Imefika? Mimi fundi, naapa sijui.
Naiamini kama abiria anavyomwamini rubani
asiyemwona uso.

Alitoka, kioo kimelowa,
akaifutia simu ncha ya shela.
Mumewe akafungua kinywa.
Shangazi akakijaza kipande cha chungwa.